Ikiungua, Kitabu Kinasemaje?

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kijiko, kwa sababu hakuwahi kutoka nyumbani bila kijiko cha chai ndani ya mkoba, kimeviringishwa kwenye leso safi, na akialikwa kwa mtu hakuona haya kukichomoa akaonja mchuzi wa mwenyeji sufuriani humo humo. Mwingine angefukuzwa kwa mwiko. Yeye alisamehewa, maana alikuwa na uso wa kucheka, tena alikuwa mwandishi, na mwandishi, majirani walisema, ni kama mtoto mchanga, haulizwi sababu.

Wala usidhani alikuwa mwandishi wa jina tu. Kitabu chake cha kwanza, Sufuria Moja, kilikuwa kimeenea mabweni yote ya vyuo. Kilikuwa kitabu cha mapishi cha mtu mwenye chumba kimoja, jiko dogo la umeme, sufuria moja na kisu butu, asiye na friji wala mama karibu. Wanafunzi walikiazimana mpaka jalada likang'oka, na kurasa za maharage ziligandana kwa mafuta. Kijiko alifurahi kuona nakala chafu kuliko nakala safi. Kitabu cha mapishi kisicho na doa, alisema, mwenyewe bado anakula mkate mkavu.

Siri ya kitabu kile ilikuwa kanuni moja. Hakuna pishi lililoingia kitabuni kabla ya kupikwa na mtu asiyejua kupika. Mtu huyo alipewa karatasi ya maelekezo na vitu vya kupikia, akaachwa apambane na hali yake, na mwandishi akakaa kwenye kigoda pembeni, mikono yote miwili ameikalia, mdomo umefungwa. Hakuna kuonyesha kidole, hakuna kuguna. Karatasi ndiyo iseme. Ikishindwa kusema, inaandikwa upya.

Mwanzoni alikuwa amemjaribu mama yake, akaona hafai. Mama alikuwa fundi cherehani, anashonea sebuleni, na jikoni mkono wake ulikuwa na akili kuliko kitabu chochote. Ukiandika kwa makosa chumvi vijiko vitatu, Mama atatia kimoja, kisha atakuapia kwamba katia vitatu kama ulivyosema. Pishi litatoka tamu, na wewe hutajua kosa lako mpaka chuo kizima kinywe maji usiku kucha. Kwa hiyo kazi ile ikamwangukia Baba.

Baba ndiye aliyefaa. Alikuwa fundi saa, mwenye kibanda karibu na posta, mtu wa kufuata maelekezo kama anavyorudisha skrubu kwenye tundu lake, na katika maisha yake hakuwahi kupika hata yai. Siku ya pishi la dengu karatasi ilisema: kaanga kitunguu mpaka kiwe na rangi ya dhahabu. Baba akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda chumbani na kurudi na saa ya mteja, saa ya dhahabu kwelikweli. Akaishika juu ya sufuria, na kwenye jicho moja amebana ile lenzi yake ndogo ya kazi. Kitunguu kikawa cheupe, kikawa cha manjano, kikawa kizuri kabisa, na Kijiko pale kigodani anajing'ata ulimi. Baba bado. Dhahabu ile ilikuwa na wekundu kwa mbali, naye akawa anangoja wekundu. Wekundu ulipokuja ulikuja na moshi.

Baba akazima jiko, akaitia saa mfukoni, akageuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma.

"Imeungua," alisema. "Ikiungua, kitabu kinasemaje?"

"Isiungue, Baba," Kijiko akajibu, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

Baba hakucheka. Alisema hilo si jibu. Kila saa inayoletwa kibandani kwake ni saa iliyokwisha kuharibika, na kama ulimwengu ungeshughulikia saa nzima tu, basi yeye na familia yake wangekufa njaa. Kijiko alimwambia ana haki, akafuta dhahabu na kuandika "rangi ya bahasha ya kaki," na lile swali la Baba likaishia hapo. Likabaki kuwa kichekesho cha nyumbani. Mtu akivunja bilauri, akikosa basi, akifeli mtihani, walimwuliza kwa sauti nzito ya Baba: kitabu kinasemaje?

Kitabu cha pili hakikuwa cha mapishi. Wasichana wadogo waliokuwa wakichungulia Sufuria Moja ya dada zao walianza kumwandikia. Swali la kwanza lilikuwa la wali, na la pili, kwa haya, halikuwa la wali hata kidogo. Dada, mwili wangu unabadilika na sina wa kumwuliza. Dada, rafiki yangu ananisema. Dada, nikilia mbele za watu nifanyeje? Kijiko aliwajibu mmoja mmoja, na majibu yalipozidi akayakusanya, akayapanga sura kwa sura, akayaita Binti, Sogea Nikwambie. Aliyaandika kwa raha, kalamu ikiteleza. Aliona kwa hakika kwamba hakijawahi kuandikwa kitabu chenye busara namna ile na mtu wa miaka ishirini na minne.

Mhariri wake alikuwa mama mmoja mpole wa sura na mkali wa kalamu, mwenye ofisi juu ya duka la viatu, ofisi inayonukia ngozi mpya asubuhi hadi jioni. Alikuwa na tabia ya kusoma huku akitafuna karanga, na karanga zikisimama ujue pana tatizo. Alisoma Binti, Sogea Nikwambie mpaka katikati. Karanga zikasimama.

Alisema maandishi ni matamu, yanateleza. Kisha akapandisha miwani kwenye paji la uso. "Mapishi yako aliyapika baba yako. Hizi nasaha kazipika nani?"

Kijiko akakiri kwamba hakuna. Alizitoa kichwani mwake, na yeye, kama Mama jikoni, alikuwa mtu ambaye mkono wake hurekebisha makosa wenyewe. Alipendwa na watu. Akikosea neno, tabasamu lililifukia. Nasaha mbovu mikononi mwake ingetoka nzuri, na asingejua. Mhariri akampa mpaka mwisho wa mwezi. Sura moja tu, alisema, ijaribiwe na binti wa kweli mwenye tatizo la kweli, kisha tutazungumza habari za mtambo wa kuchapa.

Binti wa kweli alikuwepo nyumbani, tena kitanda cha pili chumbani mwake. Mdogo wake wa miaka kumi na minne aliitwa Rula, kwa kuwa alikuwa amenyooka kama rula na hakujua kupinda. Ukimwuliza kama gauni limekukaa vizuri, jiandae. Mama alikuwa amempiga marufuku kuingia sebuleni wateja wanapojaribu nguo, tangu siku alipomwambia mteja mmoja kwamba gauni halina kosa, lililozidi ni tumbo. Rula hakuwa na ubaya wowote moyoni. Aliulizwa, akajibu. Lakini watu hawakai muda mrefu na mtu wa namna hiyo, na shuleni walimkwepa.

Wote isipokuwa Cheko. Cheko alikaa mtaa wa nyuma, na tangu shule ya chekechea alikuwa akicheka kila jambo, hata yale maneno ya Rula yaliyowauma wengine. Rula akimwambia umeimba vibaya, Cheko alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba aambiwe ubaya wenyewe ulianzia wapi. Rula alikuwa na rafiki mmoja tu duniani, na nyumbani kwao kila mtu alilijua hilo na alimwombea Cheko afya njema.

Sasa ikatokea kwamba Cheko, kwa kupenda kuchekesha, aliliambia darasa kwamba Rula hulala na taa kwa kumwogopa mjusi. Lilikuwa jambo la kweli. Lakini lilikuwa la wawili, na Cheko alilimwaga kama mtama kwenye kuku wengi. Darasa likalipuka. Kesho yake kila daftari la Rula lilikuwa limechorwa mjusi. Rula akarudi nyumbani, akajifunika shuka gubigubi mchana kweupe, akasema hataki uji, hataki chai, hataki mtu.

Kijiko alimhurumia, hilo halina ubishi. Alimpapasa mgongo, akamsikiliza mpaka mwisho. Ila Mungu amsamehe, nyuma ya huruma ile palikuwa na kafuraha kadogo, maana tatizo la kweli lilikuwa limemjia lenyewe mpaka kitandani. Akafungua sura ya tatu, Rafiki Akikukosea, akamkabidhi mdogo wake karatasi. Sura yenyewe ilisema: usinung'unike pembeni, mwendee. Mwambie alichokufanyia, mwambie kilivyokuuma, mwambie unachotaka. Usizunguke, usicheke. Ukimaliza, nyamaza, naye aseme. Rula aliisoma mara mbili, akauliza kama ni lazima kufuata yote. Kijiko, kwa mujibu wa kanuni, hakujibu. Alikuwa ameshaikalia mikono yake.

Rula alifuata yote. Jumapili mchana alivaa viatu, akaenda mtaa wa nyuma. Karatasi haikusema uende wakati gani, wala haikusema mwite rafiki yako faraghani, kwa hiyo hakumwita. Akaingia sebuleni kwa akina Cheko wakati wageni wako mezani: shangazi wawili wa Cheko, mjomba mmoja, na jirani aliyekuja kurudisha bakuli akakaribishwa. Akawaamkia wote kwa adabu. Kisha akasimama mbele ya Cheko, vijiko vyote vikiwa hewani, akamwambia alichomfanyia, akamwambia kilivyomuuma, akamwambia anachotaka. Hakuzunguka. Hakucheka. Alipomaliza akanyamaza, akabaki amesimama palepale kama nguzo, akingoja Cheko naye aseme.

Shangazi mkubwa ndiye aliyeanza. Alitaka kujua kama hii ndiyo tabia ya Cheko shuleni, kutoboa siri za watoto wa watu. Mjomba akakumbuka kwamba hata siri yake fulani iliwahi kuvuja. Jirani wa bakuli akasema yeye hayumo, lakini akakaa vizuri zaidi kitini. Cheko akasemwa kuanzia kichwani hadi miguuni mbele ya chakula chake, mpaka yule mtoto wa kucheka akaanza kulia, na katika kilio akasema hataki kumwona Rula tena mpaka kiama.

Rula akarudi nyumbani hatua kwa hatua, akamkuta Kijiko mezani, akamwekea karatasi mbele yake.

"Nimefanya kila ulichoandika," alisema. "Imeungua. Sasa kitabu kinasemaje?"

Hakuwa anatania. Kijiko aliangalia kama kuna hata chembe ya mzaha usoni mwa mdogo wake, hakuiona. Mtoto alitaka kujua kweli, kama Baba alivyotaka siku ile ya kitunguu, na karatasi upande wa pili ilikuwa nyeupe. Kijiko akaomba asimuliwe tena tangu mwanzo, na kila Rula aliposimulia, kosa lilikuwa lile lile na lilikuwa la mwandishi.

Wiki iliyofuata ilikuwa chungu. Cheko alihama dawati. Rula alikwenda shule peke yake, akala peke yake, akarudi peke yake, na akifika alivua viatu akavipanga bila kusema neno. Shule nzima sasa ilijua habari za mjusi pamoja na habari za mezani. Kijiko alishika tama mbele ya mashine yake ya kuandikia, akijaribu kuandika ukurasa uliokosekana. Aliandika kwamba muda huponya, akafuta. Aliandika kwamba rafiki wa kweli atarudi mwenyewe, akafuta kwa hasira, maana kama hakurudi je? Binti atasoma nini, kwamba hakuwahi kuwa na rafiki? Mganga hajigangi, wahenga walishasema, lakini huyu hata mgonjwa wa jirani alikuwa hamwezi.

Akafikiria kwenda mwenyewe kwa mama yake Cheko, na tabasamu lake, na kijiko chake, akayaweke mambo sawa. Alipomdokezea Rula, Rula akamtazama.

"Umeshanisaidia," akasema.

Kijiko alinywea. Jioni hiyo alimkuta mdogo wake akipiga pasi sare za shule, akasimama mlangoni akamwambia kwamba alikosea. Si kosa la karatasi tu. Alikuwa ameona machozi ya mdogo wake akafikiria sura ya tatu. Alikitaka kitabu kuliko alivyotaka amani ya Rula, na hilo linamuuma kuliko yote. Rula aligeuza sketi, akapiga pasi upande wa pili, akasema sawa. Ilikuwa ile sawa ambayo si sawa, na Kijiko akaondoka akijua.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Baba jikoni. Sufuria Moja ilikuwa inachapwa upya na Mhariri alitaka pishi moja la nyongeza, wali wa karoti, wa sufuria moja mwanzo hadi mwisho. Kijiko hakuwa na hamu, lakini kazi ni kazi. Akakaa kigodani, akaikalia mikono. Rula naye alikuwepo, mezani na hesabu zake, kwa sababu Jumamosi zote za nyuma alizifanya hesabu hizo kwa akina Cheko na sasa hakuwa na pa kwenda.

Baba alikata karoti kwa kipimo, zote sawasawa, unaweza kuzitia ndani ya saa. Akakaanga kitunguu, bahasha ya kaki iko pembeni kwa ushahidi. Akaosha mchele, akatia, akafunika, akapunguza moto. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Hapo ndipo mlango ulipobishwa, na aliyebisha hakuwa mwingine ila yule mwenye saa ya dhahabu, imesimama tena. Baba akatoka kumweleza kwa nini saa husimama. Ukimpa Baba nafasi ya kueleza kwa nini saa husimama, nenda kalale urudi.

Harufu ikaanza taratibu. Kijiko akaisikia, akakaza mdomo. Rula akainua macho kutoka kwenye hesabu, akamtazama dada yake, akatazama sufuria, akamtazama tena dada yake. Kijiko alitikisa kichwa. Kanuni ni kanuni. Moshi mwembamba ukapenya pembeni mwa mfuniko.

Baba akarudi mbio, akazima, akafunua, akanusa. Kisha, taratibu, akachukua karatasi na kuigeuza upande wa pili. Safari hii hakuna aliyecheka. Kabla hajauliza, Mama akaingia kutoka sebuleni, pini mdomoni na futi ya kushonea shingoni. Pua yake ndiyo iliyomleta.

Hakusema kitu, kwa sababu ya zile pini. Alichukua bakuli kubwa, akachota wali wa juu kwa wepesi kama anayeokota nguo iliyolowa, akauhamishia bakulini, na alipofika karibu na chini akaacha. Juu ya wali akalaza kipande cha mkate, akafunika. Sufuria iliyoungua akaijaza maji, akaisukuma pembeni. Akageuka kurudi kwenye cherehani yake.

Kijiko aliruka kutoka kigodani. Alimshika Mama mkono, akamwomba aseme alichofanya. Mama akatema pini kwenye kiganja, akasema hajafanya kitu, kahamisha wali tu, kwani kuna nini? Ikabidi waurudishe wali kwenye sufuria nyingine, ahamishe tena polepole, Kijiko akiandika na Baba akiwa ameshika lenzi.

Rula ndiye aliyeuliza. "Mbona hukukwangua chini?"

"Nikwangue nini, mwanangu?" Mama akasema. "Chini kumeungua, kumeungua. Ukikwangua, ule uchungu unaupandisha juu, wali wote unaharibika. Huu wa juu haujaungua. Umeshika harufu tu, na harufu inatoka, mkate unainyonya."

"Na sufuria?"

"Iloweke. Itaachia yenyewe."

Rula aliangalia bakuli. Unajua watu waliosoma husema maji yakimwagika hayazoleki, wakakaa hapo wakiyatazama yanavyokauka. Rula hakuwa mtu wa methali. Alikuwa mtu wa maelekezo, na hapa alikuwa ameyapata. Akainuka, akaondoa kipande cha mkate, akapakua wali kwenye sahani, akaufunika kwa sahani nyingine, akachukua vijiko viwili, akatoka kwa mlango wa nyuma bila hata kuaga.

Kijiko akataka kumfuata. Amwambie angoje, wakae kwanza wapange atakachosema. Mama akamvuta sketi akamkalisha.

"Tulia hapo," alisema. "Kalia mikono yako."

Akaikalia. Hajawahi kuikalia mikono kwa taabu namna ile. Dirisha la jikoni lilitazama uchochoro unaokwenda mtaa wa nyuma, na macho hayakukatazwa na kanuni, kwa hiyo aliyatumia. Uchochoro ulikuwa mtupu. Akapita paka. Akapita mtu na kitoroli cha chupa tupu. Baba akajitia anasafisha jiko, lakini alisafisha sehemu ile ile, karibu na dirisha. Cherehani ya Mama sebuleni ilikuwa kimya, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa siku ya Jumamosi. Kijiko alijisemea kwamba mtoto akirudi na sahani imejaa, kitabu atakichoma moto, na safari hii hatauliza kinasemaje.

Walisikia kabla ya kuona. Kilikuja kicheko, kile cha kukaa chini, kikapotea, kikaanza tena karibu zaidi. Kisha wakatokea wawili uchochoroni, Rula na sahani tupu, na Cheko na kijiko mdomoni. Cherehani ikaanza kulia kwa kasi sebuleni.

Yaliyotokea huko, Kijiko aliyapata baadaye kwa vipande. Rula alimkuta Cheko ameketi barazani. Safari hii hakusema alichofanyiwa, wala kilivyomuuma, wala anachotaka. Alikaa kando yake, akafunua sahani, akasema Baba kaunguza. Cheko alitazama kwingine, lakini pua haina nidhamu. Akachukua kijiko, akaonja, akasema wali unanuka moshi kama nguo za mzimamoto. Rula akasema ni kweli. Hapo Cheko akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akasema, polepole, kwamba lile la mjusi halikuwa la kusema. Rula akasema hata lile la mezani halikuwa la mezani. Wakamaliza wali.

Sasa walikuwa jikoni wakilamba vijiko, na Kijiko alikuwa amesimama kama mgeni nyumbani kwake. Akavuta pumzi. Akamwambia Rula kwamba sura ya tatu haina mwisho, na mwenye kuujua mwisho wake si yeye. Akamsogezea karatasi nyeupe na kalamu. Kama hataki, sura itatolewa kitabuni, na Mhariri aseme atakavyo.

Rula alifikiri. Akasema ataandika, kwa sharti kwamba dada akae kigodani.

Kijiko akakaa, mikono chini ya mapaja. Rula akaandika juu ya karatasi neno moja, Ikiungua, akapiga mstari ulionyooka. Aliandika kwa ukavu wake ule ule, bila pambo. Usikwangue. Ngoja moto upoe, nenda na chakula. Usianze na lile jambo. Kaa upande mmoja naye, msitazamane. Kijiko aliona pale pangefaa neno la kulainisha, akafumba macho lisimtoke. Cheko akanyang'anya kalamu, akaongeza kwa mwandiko wa kuruka ruka: na kwanza chungulia kama wageni wameondoka. Akacheka mwenyewe mpaka kalamu ikachafua ukingo wa karatasi. Baba akasimama nyuma yao akisoma kwa lenzi, akasema hatimaye kitabu kinasema kitu, na akataka neno hilohilo liwekwe chini ya kila pishi katika Sufuria Moja, kuanzia la dengu.

Kisha Rula akairudisha kalamu mkononi, akainama, akaandika mstari wa mwisho akiwa ameuziba kwa kiganja kama mtu kwenye mtihani. Alipomaliza akaigeuza karatasi kuelekea kigodani, akaisogeza mpaka Kijiko aweze kusoma bila kuigusa.

"Na kama aliyekupa nasaha mbovu ni dada yako," mstari ulisema, "msamehe. Alikuwa hajui kupika, na hakuna aliyemwambia."

Machozi yakamjaa Kijiko, yakamshuka mashavuni hadi kidevuni, mbele ya wazazi, mbele ya Cheko na kijiko chake. Alitamani kuyafuta, tena alitamani kumvuta mtoto yule ambusu kichwani. Lakini mpishi alikuwa bado hajasema amemaliza, kwa hiyo akabaki vile vile kigodani, amekalia mikono yake yote miwili, analia na kucheka, mpaka Rula alipochukua kitambaa cha vyombo, akanusa kama ni kisafi, akamfuta uso.